Kidude cha Bibi na Cherehani cha Mjerumani



Juma hili sitazungumza habari za masultani wala za magavana. Nitazungumza habari za kipande cha chuma kisichozidi urefu wa kidole cha mwisho. Kipande hicho kimenisumbua tangu mwaka jana. Kilinipeleka Kariakoo, kikanirudisha Tanga nilikozaliwa, kikanifikisha Muheza, na mwishowe kikanifundisha jambo la familia yangu mwenyewe ambalo mimi, mtu ninayekula kwa kutafuta habari za watu, sikuwahi kulitafuta.

Mambo yalianza hivi. Mwaka jana shangazi yangu alifariki dunia, Mwenyezi Mungu amrehemu. Baada ya arobaini, kina mama walifungua sanduku lake ili vitu vigawanywe. Zilitoka kanga, zikatoka hereni, zikatoka picha za zamani. Chini kabisa palikuwa na kipande cha kanga kilichopigwa mafundo matatu. Kilipofunguliwa, ndani mlikuwa na kidude cha chuma, chembamba, kimetoboka katikati kama mtumbwi, upande mmoja butu na upande wa pili umechongoka kama risasi. Tumboni mwake mlilazwa kijiti cha chuma chenye visahani viwili vidogo, kimoja kila ncha, na kijiti hicho kilikuwa kimezungushiwa uzi mweusi.

Binti wa shangazi alikumbuka kwamba kidude kile kilikuwa cha bibi yetu, mama yake shangazi, aliyefariki mwaka 1988. Alikumbuka pia kwamba shangazi alikuwa hataki mtoto yeyote akiguse. Kwa nini? Hakuwahi kusema.

Basi kila mtu akawa mtaalamu. Kijana mmoja akasema ni risasi ya vita vya Tanga, vile vya Novemba 1914, wakati jeshi la Waingereza lililotoka India lilipotimuliwa na Wajerumani, na nyuki nao wakasaidia kutimua. Mwingine akasema ni chombo cha sonara. Mama mmoja, jirani, akasema kwa sauti ya chini kwamba kitu kilichopigwa mafundo matatu hakina heri, kikatupwe baharini. Nikaomba nipewe mimi. Nikakitia katika bahasha, nikarudi nacho Dar es Salaam.

Wahenga walisema penye wazee hapaharibiki neno. Siku moja nikapita Kariakoo, kwenye mabaraza ya mafundi wa kushona, nikamtafuta mzee kuliko wote. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikamwekea bahasha juu ya meza. Alikitoa kidude, akakigeuza mara moja tu, akacheka.

"Mwanangu," akasema, "hiki ni cha kubebea uzi wa chini. Cherehani chake kiko wapi?"

Ndugu msikilizaji, fundi hahitaji maelezo yanayofuata, lakini sisi wengine tunayahitaji. Mshono wa cherehani una nyuzi mbili. Uzi wa juu hushuka na sindano, ambayo tundu lake liko karibu na ncha. Sindano inapoanza kupanda, uzi wake hulegea chini ya nguo na kufanya kitanzi. Hapo uzi wa pili, ule wa chini, lazima upite ndani ya kitanzi kile, ndipo nyuzi mbili zikamatane. Katika vyerehani tulivyozoea leo, uzi wa chini hukaa kwenye bobini ya mviringo kama kifungo cha koti. Katika vyerehani vya zamani bobini ilikuwa ndefu na nyembamba, nayo ililazwa ndani ya kichombo chenye umbo la mtumbwi. Kichombo hicho kilikwenda na kurudi chini ya sindano, na ile ncha yake iliyochongoka ndiyo iliyoingia kwenye kitanzi. Hicho ndicho tulichokikuta sandukuni. Nitakiita kitumbwi ili tuelewane.

Yule mzee akaniambia vyerehani vya Singer vya namna hiyo, vile vidogo vya kuzungusha kwa mkono, alivikuta alipoanza kazi. Kisha akaongeza neno ambalo sikulala kwa ajili yake. "Zamani fundi akisafiri, alichomoa hiki akatia mfukoni. Bila hiki cherehani ni pambo tu. Ni sawasawa na ufunguo wa gari."

Cherehani chake kiko wapi? Jibu nilikuwa nalo tangu utotoni, ila sikujua kuwa ni jibu.

Muheza, nyumbani kwa baba mdogo, mtoto wa kaka yake babu yangu, kuna cherehani cha mkono ambacho ukoo mzima unakiita cherehani cha Mjerumani. Kila nilipokwenda huko likizo nilikikuta juu ya kabati, kimefunikwa kitambaa cheupe. Hakuna aliyekishonea. Tuliambiwa ni kibovu. Na habari yake ilikuwa moja siku zote: baba wa babu zetu alikuwa mpagazi wa Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, na vita vilipoisha alipewa cherehani hicho kwa kuwa fedha ya kumlipa haikuwapo. Kwa hiyo ni mali ya ukoo, na ndiyo maana babu yangu alipofariki mwaka 1952 ndugu zake walikichukua kutoka nyumbani kwake Ngamiani, Tanga mjini, kikaenda kukaa kwa mkubwa wao.

Bibi yangu nilimwahi kidogo. Nilimkuta mzee, anashona kwa mkono, subana kidoleni, mshono mdogo mdogo na wa sawasawa. Sisi wajukuu tulidhani hajui cherehani. Na sikumbuki kama kuna aliyemwuliza.

Nikafunga safari ya Tanga. Ngamiani bado yupo mama mmoja mwenye umri unaokaribia miaka 90, aliyefundishwa kushona na bibi yangu alipokuwa msichana mdogo. Nilimwonyesha kitumbwi. Hakucheka kama yule fundi. Alikishika kwa vidole viwili, akaniuliza, "Mmekitoa wapi?"

Akanisimulia. Bibi yangu alisuka mikeka na kukaanga vitumbua, akaweka akiba, akakopa cherehani katika duka la Mhindi akawa analipa kila mwezi shilingi chache chache. Huo, kama bibi mwenyewe alivyokuwa akimwambia, ulikuwa mwaka wa nzige. Kwa cherehani kile alishona kanzu na magauni ya mtaa mzima, na ada za shule za baba yangu zilitoka hapo. Babu alipofariki, bibi alikaa eda. Akiwa bado ndani ya eda, ile miezi minne na siku kumi, shemeji zake walikuja na mkokoteni. Walisema wamefuata mali ya baba yao.

"Aliwaambia chukueni," mama yule akasema. "Hakugombana nao. Aliingia chumbani kwanza, akatoka, akasema basi chukueni."

Ndugu msikilizaji, alipoingia chumbani aliingia na cherehani, na alipotoka kitumbwi hakikuwamo tena.

Hapo nikawa na habari mbili zisizopatana. Upande wa Muheza unasema Mjerumani, mpagazi, mali ya ukoo. Upande wa Ngamiani unasema mikeka, vitumbua, mkopo wa duka. Waliokuwapo karibu wote wamekwisha tangulia mbele ya haki. Stakabadhi ya duka haipo. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Lakini cherehani cha Singer kina daftari lake tumboni. Nilikwenda Muheza kumjulia hali baba mdogo, na katika mazungumzo nikaomba kukitazama. Nikatoa kitambaa, nikafuta vumbi. Upande wa kulia, kwenye kitako, imegongwa namba: herufi Y, kisha tarakimu saba. Nikainakili kwenye daftari, nikarudisha kitambaa, tukanywa chai.

Hapa inabidi tuvuke bahari kidogo. Cherehani cha nyuzi mbili kilipata hataza nchini Marekani mwaka 1846 kwa jina la Elias Howe. Miaka mitano baadaye, mwaka 1851, Isaac Merritt Singer alipata ya kwake baada ya kutengeneza mashine yake mjini Boston, katika jimbo la Massachusetts, jimbo lile lile ambalo wafanyabiashara wake walileta Unguja kitambaa ambacho wazee wetu walikiita merikani. Kampuni ya Singer ilifanikiwa kwa mambo mengi, lakini moja ni hili: tangu mwaka 1856 iliuza kwa mkopo, ukitoa kidogo unachukua mashine, kisha unamalizia kidogo kidogo. Bila utaratibu wa namna hiyo, mwanamke wa vitumbua angenunuaje mashine?

Mashine zilipotakiwa kwa wingi, kampuni ilijenga kiwanda Clydebank, karibu na Glasgow, Uskochi, kikafunguliwa mwaka 1885. Kilikuwa kiwanda kikubwa mno, chenye mnara wa saa ulioonekana kutoka mbali. Mwaka 1911 karibu wafanyakazi 11,000 wa hapo waligoma, na mgomo ule ulianzishwa na wanawake 12 wa kupiga rangi makabati, walioongezewa kazi bila kuongezewa ujira. Kiwanda kilifungwa mwaka 1980, lakini kituo cha treni cha mahali pale mpaka leo kinaitwa Singer.

Singer walikuwa na viwanda vingine pia. Ujerumani walikuwa na cha Wittenberge, kilichoanza mwanzoni mwa karne ya 20. Ili wasichanganyikiwe, kuanzia mwaka 1900 walitia herufi mbele ya namba, na kila herufi ilikuwa na kiwanda chake. Herufi C ilikuwa ya Wittenberge. Orodha za namba hizo zimehifadhiwa, na siku hizi mtu mwenye simu ya mkononi anaweza kuzisoma akiwa amekaa barazani kwake.

Nilizisoma usiku, peke yangu. Herufi Y ni ya Clydebank, Uskochi. Na namba zake zilitolewa kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1920 hadi katikati ya miaka ya 1930.

Sasa tupige hesabu pamoja. Waingereza waliingia Tanga mwezi Julai 1916. Jenerali von Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha mwezi Novemba 1918. Mjerumani alikwisha ondoka, bendera imekwisha badilishwa, nchi imekwisha itwa Tanganyika, na cherehani hiki bado hakijatengenezwa. Angewezaje Mjerumani kumpa mpagazi wake kitu ambacho hakijakuwapo duniani?

Na yale maneno ya mama wa Ngamiani? Alisema bibi alilipa shilingi. Wakati wa Mjerumani watu walihesabu kwa rupia, na shilingi ya Afrika Mashariki ilianza mwaka 1921. Alisema mwaka wa nzige. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 nzige walivamia sehemu nyingi za Tanganyika, wakala mashamba, na watu wakahesabu umri wa watoto wao kwa nzige hao. Namba, fedha na nzige, vyote vilikubaliana.

Ni lazima niwe mkweli. Namba ya cherehani haisemi nani alilipa. Haiandiki jina la bibi yangu. Inachosema ni jambo moja tu: habari ya Mjerumani haiwezekani. Lakini dai zima la ukoo lilisimama juu ya habari hiyo. Kama si ujira wa mpagazi, basi si mali ya baba wa babu zetu. Na kama si mali yake, ndugu walichukua nini, na kwa haki gani?

Nimejiuliza sana kama wale wazee walisema uongo kwa makusudi. Sidhani. Sisi watu wa Tanga tuna mazoea yetu. Kila kilicho kizito na cha zamani tunasema ni cha Mjerumani. Nyumba ya mawe ni ya Mjerumani, daraja ni la Mjerumani, hata mwembe mkubwa ni wa Mjerumani. Mtu anaweza kuanza kwa mazoea tu, kisha mazoea yakaota faida, na faida ikaota mizizi. Baada ya miaka 20 watoto wanarithi habari pamoja na kitu chenyewe, nao hawana hatia.

Tusisahau pia sheria. Katika Uislamu, ambao ndio dini ya ukoo wangu, mali ya mke ni ya mke. Haiingii katika urithi wa mume hata kidogo. Na katika kile alichoacha mume mwenye watoto, mjane ana thumni yake, fungu moja katika manane. Bibi yangu alijua hayo. Barazani kwa liwali angeweza kwenda. Lakini angekwenda na ushahidi gani, mjane, hana stakabadhi, dhidi ya wanaume wazima wanaoshuhudiana? Sheria ya Ndoa ya nchi yetu ilikuja mwaka 1971, ikaandika wazi kwamba mwanamke aliyeolewa ana haki sawa na mwanamume ya kupata mali, kuimiliki na kuitoa. Yeye alikuwa amekwisha nyang'anywa miaka 19 kabla yake.

Mimi namwona bibi alivyofikiri siku ile. Cherehani siwezi kukizuia, lakini hakuna atakayeshona nacho. Akachomoa kitumbwi, akakipiga mafundo matatu. Si uchawi, ndugu msikilizaji, wala si hirizi. Ni stakabadhi ambayo duka halikumpa, na uzi mweusi uliomo ndani yake ndio uzi wa kazi aliyokuwa akiishona.

Nilirudi Muheza mwezi uliofuata pamoja na yule fundi mzee wa Kariakoo, ambaye alikataa nauli yangu ya kwanza mpaka nilipomwambia ni zawadi. Baba mdogo ana miaka 81. Nilimweleza yote taratibu, kwa adabu, nikamwonyesha namba na kitumbwi. Alinyamaza kwa muda mrefu. Nami nikaogopa, kwani mimi ni mtoto kwake, na nilikuwa nimekaa mbele yake kumwambia habari za marehemu baba yake.

Fundi hakungoja tumalize. Alitia mafuta ya cherehani, akasafisha, akazungusha mkono kidogo kidogo mpaka chuma kikalegea. Akakitia kitumbwi mahali pake. Kiliingia bila kulazimishwa. Akapitisha uzi wa juu, akaweka kipande cha kitambaa, akazungusha. Baada ya zaidi ya miaka 70 uzi mweusi ulikatika mara mbili, mara ya tatu ukashika. Tukapata mshono wa urefu wa kiganja.

Baba mdogo akaushika ule mshono, akausogeza karibu na macho. Kisha akasema: "Mama yangu alipata kujaribu kushona nacho, nikiwa mtoto. Kilipogoma alicheka, akasema mwenyewe hajakitoa. Sikumwelewa."

Kumbe mama yake alijua. Labda wanawake wote wa nyumba zile mbili walijua. Sisi wanaume ndio tulioketi barazani tukisimulia habari za Mjerumani.

Cherehani kimerudi Tanga. Kiko kwa binti wa shangazi, ambaye hushona sare za shule kwa cherehani cha umeme, na hiki cha bibi amekiweka karibu na dirisha. Baba mdogo alikitoa mwenyewe, kwa mkono wake. Aliomba jambo moja tu, kwamba nikilisema redioni nisitaje jina la baba yake. Ndiyo maana leo hamkusikia jina la mtu yeyote wa ukoo wangu, wala hamtalisoma gazetini.

Kweli ikidhihiri, uwongo hujitenga. Lakini kuna kitu bado kinaniuma, nami nitawaachieni ninyi pia mkitafakari. Bibi yangu alisema habari yake kwa yeyote aliyetaka kuisikia. Alimwambia mwanafunzi wake wa kushona, na bila shaka alimwambia binti yake. Alisema kweli kwa muda wa miaka 36 mpaka anaingia kaburini. Hatukumsadiki. Ilibidi tungoje namba iliyogongwa Uskochi na mtu ambaye hakumjua, ndipo tukakubali kwamba mama huyu alinunua cherehani chake mwenyewe.

Basi ukitoka kazini leo, tazama juu ya kabati na chini ya kitanda. Kama kuna cherehani cha zamani, futa vumbi usome namba. Kama kuna kidude kisichojulikana, usikitupe. Lakini kabla ya kusoma namba, kama bibi yako yu hai, kaa karibu naye umwulize, na akikujibu msadiki kwanza. Namba itangoja, yeye hawezi kungoja.

Mpaka juma lijalo panapo majaliwa, nawatakia kila la heri.